Labda, ajali na inshaallah: daftari la mwanachuo wa Kasulu

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa juu juu ni la lugha, lakini ndani yake ni la itikadi na la uaminifu kwa pamoja, nalo ni yale maneno tunayoyatamka kila tunapoitaja kesho.

Kilichotusukuma ni daftari. Binti mmoja, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Kibondo, anayesomea ualimu katika chuo kimoja wilayani Kasulu, alipewa na mkufunzi wake kazi ya kukusanya maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu na kuonyesha jinsi maana zake zilivyobadilika. Wenzake wakakusanya, wakapata alama zao, wakafunga madaftari. Yeye akaendelea kuandika. Akaongeza maneno yasiyo ya Kiarabu, akaongeza aliyoyasikia ndani ya basi, sokoni na nyumbani kwao, na chini ya kila neno akaandika fikra zake. Baba yake, ambaye twafahamiana kwa swala na darsa, akaniletea daftari hilo ili nimjibu binti yake swali moja lililoandikwa kuelekea mwisho. Swali hilo tutalifikia. Nimepata idhini yao wote wawili kuyatumia yaliyomo, kwa sharti la kutotaja majina.

Neno la kwanza katika daftari ni "labda". Kwa Waarabu, la budda maana yake ni jambo lisiloepukika, jambo la yakini. Lilipovuka bahari na kufanya maskani kwa Waswahili likageuka kichwa chini miguu juu, likawa neno la shaka. Mtu akisema "labda nitakuja", kwa asili ya neno amesema kuja kwake hakuna pa kukwepea, na kwa Kiswahili chetu amesema asiwekewe chakula. Ajabu zaidi ni kwamba neno lile lile tunalo mara ya pili: "hapana budi" ni mtoto wa baba mmoja na "labda", mmoja akabaki na yakini ya ukoo na mwingine akaipoteza. Binti ameandika kwa penseli: je, yakini ilidondokea wapi njiani?

Nadhani haikudondoka pahala pamoja. Mama anayemngoja mwanawe aliyesafiri husema, "Hapana budi sasa amefika," na hali hajui lolote. Maneno ni ya yakini, moyo ni wa matumaini. Likisemwa hivyo vizazi vitatu au vinne, msikilizaji hulichukua neno kwa kiasi cha moyo wa msemaji. Lugha haidanganyi katika hili. Imeshuhudia tu kwamba sisi wanadamu, kila tunaposema "lazima", mara nyingi tunakisia.

Baada ya hapo linakuja neno "ghafla". Sisi hulitumia kwa jambo lililotokea bila kutazamiwa: mvua ya ghafla, kifo cha ghafla. Kwa Kiarabu, ghafla ni kughafilika, ni hali ya moyo uliosahau. Wenyewe wanalitaja neno hilo kwa mtu, sisi tumelihamishia kwenye tukio. Maana yake ni nini? Maana yake, anasema binti, na hapa nilisimama kusoma nikalitafakari, ni kwamba tumeiondoa lawama mwilini mwetu tukaibandika kwenye saa. Paa lililooza miaka mitano likianguka usiku mmoja, twasema limeanguka ghafla. Paa halikuanguka ghafla, mwenye nyumba ndiye aliyekuwa katika ghafla.

Na sasa neno zito, ambalo amelipa kurasa nne: "ajali". Kila aliyesoma juzuu chache anajua kwamba ajal ni muda uliowekwa na Mwenyezi Mungu (S.W.), ule ambao Suratul A'raf katika aya ya 34 yatufundisha kwamba ukifika hausogei mbele wala hauvutwi nyuma, hata kwa saa moja. Kiswahili kimelichukua neno hilo tukufu na kulivisha gari lililopinduka. Kutokana na mchanganyiko huo ikazaliwa methali tunayoisikia kila msiba unapotokea barabarani, "ajali haina kinga". Methali hiyo ni kweli tupu katika maana ya kwanza ya neno, na ni hatari kubwa katika maana ya pili. Ajal ya Mwenyezi Mungu haina kinga. Ama ajali ya breki zisizotengenezwa, ya abiria waliobebwa kupita idadi, ya dereva anayelipita gari jingine kwenye kilima asikoona mbele, hiyo ina kinga nyingi, na kila moja yajulikana bei yake.

Wasomaji wa nyanda za juu za Kigoma hawahitaji kuelezwa. Barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko na Kibondo hadi Kasulu, na kutoka hapo kuelekea Kigoma mjini, kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo mwekundu, vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Kulikuwa pia na miaka ambayo majambazi walivizia njiani, na mabasi yakisindikizwa na askari wenye silaha. Mtu aliyepanda basi katika njia ile alikuwa akijua vyema kwamba kufika ni jambo la rehema. Binti anaeleza jinsi kondakta mmoja alivyowajibu abiria waliolalamikia mwendo: "Tulieni, kufa ni siku moja." Basi zima likanyamaza, kwa kuwa jibu lile lilikuwa na sura ya imani. Anauliza: walinyamaza kwa kuwa waliamini, au kwa kuwa walikosa la kusema?

Binti yangu, walikosa la kusema, nalo lilikuwepo. Ametusimulia Imamu Tirmidhi, kwa mapokezi ya Anas bin Malik, habari za mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali au amwache wazi na kutawakali, naye akaamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Na Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), alipokuwa safarini kuelekea Shamu akaambiwa kwamba huko kumezuka tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamweleza kwamba wanatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine, kama mchungaji achaguaye bonde lenye majani na kuliacha kavu, na yote mawili ni kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaleta hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyokata shauri: ugonjwa ukiwa katika nchi msiingie, na mkiwamo msitoke kwa kuukimbia. Kondakta yule angalikuwa na elimu hiyo kidogo tu, angalipunguza mwendo kwa jina la kadari ile ile aliyoitumia kuuongeza.

Kuna maneno mengine ameyapitia haraka haraka, nasi tutapita naye. Ameona kwamba Kiswahili kina "kesho", "keshokutwa", "mtondo" na "mtondogoo", kisha kinakoma, kana kwamba wazee walihesabu siku nne mbele wakaona zatosha. (Vijana wengi wa leo hata mtondo hawaujui, lakini wana mipango ya miaka ishirini.) Ameona kwamba "kushinda" ni kuukamilisha mchana na pia ni kumwangusha mpinzani, kwa hiyo anayeuliza "umeshindaje?" anaulizia ushindi wa namna fulani. Ameona kwamba "bahati nasibu" imechukua nasibu, ambalo ni fungu la mtu alilogawiwa, ikalifanya jina la mchezo wa kupoteza fedha. Kuhusu hili la mwisho nina mengi ya kusema, nayo yatakuwa na Ijumaa yake.

Tufike kwenye sehemu ambayo daftari linaacha kuwa kazi ya chuo. Binti anaandika kuhusu watu wa kwao, na ili tumwelewe hatuna budi kuikumbuka historia ya Buha, kwa kuwa ni watu wachache katika nchi hii waliohamishwa mara nyingi kama wao. Miaka ya 1930, serikali ya Kiingereza iliwaondoa wengi katika makazi yao na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kisha mkonge ukawaita. Waha walikwenda kwa maelfu katika mashamba ya Tanga na Morogoro, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi kilichojulikana kwa jina la SILABU. Kila aliyeandikwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo lugha yetu ikapata neno "manamba". Mwaka 1972, Kigoma ukawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuingia katika operesheni ya kuwahamishia watu vijijini.

Baba wa bibi yake binti huyu alikuwa mmoja wa hao manamba. Aliondoka kwa miguu, pamoja na vijana wengine wa kijiji. Katika familia yamebaki maneno aliyoyasema mlangoni, nayo ni machache: alisema atarudi Mungu akipenda, akataja na msimu, wakati wa kuvuna mtama. Hakurudi. Haijulikani alizikwa wapi. Bibi alikua akiambiwa kwamba baba yake hakuvunja ahadi, kwa kuwa aliiweka mahali pasipovunjika. Binti ameiandika hadithi hii bila kuongeza neno, akaandika tu pembeni: Luqman 34.

Tuikumbushane aya hiyo. Ndiyo ya mwisho katika Suratu Luqman, nayo inataja mambo matano ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu: saa ya Kiyama, kuteremka kwa mvua, kilichomo matumboni, kile ambacho nafsi itakichuma kesho, na ardhi ambayo mtu atafia. Mfasiri aliye mjini huisoma aya hii kama orodha ya mambo ya ghaibu. Mkulima wa Kibondo huisoma kama maelezo ya mwaka wake. Anangoja mvua za Oktoba au Novemba, ana mke mjamzito, hajui maharage na mahindi yatampa nini, na babu yake amezikwa asikokujua. Kwake yeye, kila kimoja kati ya vile vitano kina uso, isipokuwa Kiyama.

Na kuna wengine katika nyanda zile ambao kwao aya hii ni kali zaidi. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, malaki ya watu walivuka mipaka, na wengi wao wakapokewa Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili ya waliokimbia vita kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na Warundi wake wakarejeshwa kwao, na haikupita miaka mitatu, mwezi Aprili 2015, wakaanza tena kumiminika, hata Nduta, kule Kibondo, ikafunguliwa upya mwezi Oktoba mwaka huo. Katika waliokuja walikuwamo waliokuwa wakikimbia kwa mara ya pili au ya tatu katika umri wao. Waliambiwa "mtarudi" wakarudi, wakaambiwa "kumetulia" wakakimbia tena. Kwa mtu wa aina hiyo, neno "kesho" lina uzito mwingine kabisa.

Hapo binti alianza kukusanya majina, na hii kwangu ndiyo sehemu tajiri kuliko zote. Aliyasikia kwa majirani na sokoni, akauliza maana zake kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za karibu. Bizimana: Mungu ndiye ayajuaye. Ndayizeye: namtumaini Yeye. Hakizimana: Mungu ndiye aponyaye. Ndayishimiye: namshukuru Yeye. Niyonkuru: Yeye ndiye mkuu. Wenye majina hayo wengi wao ni Wakristo, na wawili miongoni mwa marais wa Burundi, Domitien Ndayizeye na Évariste Ndayishimiye, wamekuwa nayo. Hata hivyo msomaji Muislamu atayatambua maana bila kufasiriwa. Mama aliyejifungua katika mwaka wa mauaji, asiyejua kama mtoto ataliona jua la pili, akamwita Bizimana. Hakutoa ahadi wala hakukata tamaa. Kila anayemwita mtoto huyo kwenda kuteka maji anatangaza, apende asipende, kwamba mwenye kujua ni mmoja.

Nikakumbuka Suratu Yusuf, aya ya 99. Nabii Yusuf (a.s.) alipowapokea wazazi wake na ndugu zake waliotoka katika nchi yenye njaa, aliwaambia waingie Misri wakiwa katika amani, na maneno hayo akayafungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Zingatia alivyokuwa wakati huo. Alikuwa mwenye hazina za nchi mkononi, ghala zimejaa, askari wako chini ya amri. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "ingieni salama" akanyamaza, ni yeye. Akasema inshaallah, na ghala zikafunguliwa.

Basi tumelifikia neno lenyewe. Daftari la binti lina maingizo mawili juu ya "inshaallah", yaliyoandikwa kwa muda tofauti, na la kwanza limeandikwa kwa hasira. Baba yake mdogo, mwenye duka katika mji wa Kibondo, aliahidi kumsaidia ada ya chuo. (Hatumtaji, kwa kuwa kusengenya ni haramu, na kwa kuwa kila mtaa unaye.) Kila alipopigiwa simu alijibu, "Wiki ijayo inshaallah." Wiki zikaja zikapita. Binti akakaa nyumbani majuma mawili na zaidi mwanzoni mwa muhula, wenzake wakiendelea na masomo. Hapo ndipo akaandika sentensi ambayo imenichoma: kwamba kwao siku hizi "hapana" husemwa kwa namna mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na ile ya Kiarabu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu huwezi kumlaumu mtu aliyemtaja Mungu. Akaazimia kuliacha neno hilo katika ahadi zake, badala yake aseme "nitajitahidi".

Jambo hili, ndugu zangu, ni zito kuliko linavyoonekana. Kijana aliyezaliwa katika Uislamu amefika mahali pa kuliona jina la Mola wake kuwa ni kifuniko cha uongo, na aliyemfikisha hapo hakuwa mpinzani wa dini. Ni jamaa yake anayeswali. Wako na miongoni mwetu masheikh wanaoalikwa harusi tatu kwa saa moja wakazijibu zote "inshaallah", hali wanajua wataijia moja. Mafundi cherehani, walipaji wa mishahara, wenye kukopa, hao sina haja ya kuwataja.

Wanazuoni wa fiqhi, hasa wa madhehebu yetu ya Shafii, wamelichambua neno hili kwa umakini ambao wengi hatuujui. Wanasema mtu anayetamka inshaallah pamoja na nia au kauli yake huwa na moja ya makusudio mawili. La kwanza ni tabarruk, kutafuta baraka: jambo amekwisha kuliazimia, na anamtaja Mwenyezi Mungu ili alibariki na kumwezesha. La pili ni ta'liq, kuning'iniza: jambo hajaliazimia, analitundika hewani. Tofauti hii ina matokeo. Anayenuia kufunga kesho akasema inshaallah kwa tabarruk, nia yake imesihi. Akisema kwa ta'liq, kwa shaka, hana nia. Neno moja, herufi zile zile, moja lina saumu na jingine halina. Na katika kiapo, hadithi iliyopokewa na Ibn Umar (r.a.) yatujulisha kwamba aliyeapa kisha akasema inshaallah hana kafara asipotekeleza. Baadhi ya watu wameichukua ruhusa hiyo ya kiapo wakaifanya ruhusa ya kuvunja kila ahadi. Kuondoshewa kafara ni jambo moja. Kumfanya mtu auze mbuzi wake, au asitafute msaada kwingine, kwa kutegemea ahadi ambayo wewe mwenyewe hukuwa na nia nayo ni jambo jingine, na hilo linaingia katika alama za mnafiki zilizotajwa na Mtume (s.a.w.): akisema husema uongo, akiahidi huenda kinyume.

Hebu tuwatazame waliolisema katika Qur'ani. Ismail (a.s.) alimwambia baba yake kwamba atamkuta, inshaallah, miongoni mwa wenye subira, na alikuwa anakwenda kulazwa chini ya kisu. Mzee wa Madyan alilitumia katika mkataba wa kazi wa miaka minane alipomwajiri Musa (a.s.), akimwahidi kwamba atamwona kuwa mwajiri mwema. Hakuna hata mmoja aliyelisema akiwa ameketi. Na waliokataa kulisema wametajwa pia, katika Suratul Qalam: wenye shamba walioapa kwamba watavuna alfajiri, kabla maskini hawajaamka, wasilitaje jina la Mwenyezi Mungu. Wakalala. Walipoamka shamba lilikuwa limekwisha kuwa kama lililovunwa. Tazama jinsi dhambi zao mbili zilivyokaa pamoja. Kiburi juu ya kesho na ubahili juu ya maskini vilikuwa katika kiapo kimoja.

Kwa hiyo simkubalii binti azimio lake la kwanza. "Nitajitahidi" ni neno zuri, lakini linasema habari za mimi tu, nami ndiye sehemu dhaifu zaidi ya ahadi. Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alielekezwa, katika Suratul Kahf aya ya 23 na ya 24, asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho pasipo kulifungamanisha na matakwa ya Mola wake. Amri iliyoteremshwa kwa mkweli kuliko wakweli wote haiachwi kwa sababu ya wauza maneno wa Kibondo.

Tena yeye mwenyewe amekwisha kuliacha azimio hilo, kama ingizo la pili linavyoonyesha. Bibi yake, yule ambaye baba yake hakurudi kutoka mkonge, alikuwa mjane mkulima wa maharage na mihogo. Alipopata habari za ada alisema hana fedha, bali atampa mjukuu wake gunia la maharage akauze sehemu na kula sehemu. "Jumamosi nitakuja nalo, inshaallah." Ijumaa usiku akafariki. Waliokwenda kuosha maiti walilikuta gunia karibu na mlango, limejazwa, limeshonwa mdomo kwa kamba ya katani, na juu yake kanga yake ya safari imekunjwa. Nauli ya basi ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga hiyo.

Binti ameandika kwamba alilitazama lile gunia akaelewa maneno mawili ambayo mimi nimehitaji safu nzima kuyaeleza kwa istilahi za wanazuoni. Ameandika: "Baba mdogo alisema inshaallah kabla ya kufanya lolote. Bibi alisema baada ya kushona gunia."

Swali lake ni hili: je, ahadi ya bibi ni deni juu yake mbele ya Mwenyezi Mungu, na je, lile gunia ni la nani?

Kuhusu la kwanza, ahadi ya kumpa mtu kitu si deni la kumfuata mtu kaburini, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Ama yeye mbele ya Mola wake, imekuja katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.), kwamba aliyeazimia jema akazuiwa asilitende huandikiwa jema kamili. Na mwanamke aliyekwisha kushona gunia na kufunga nauli hatuna shaka juu ya azma yake.

Kuhusu la pili jibu litamsikitisha kidogo, nalo lazima lisemwe. Katika madhehebu yetu, zawadi haiwi mali ya anayepewa mpaka aipokee mkononi. Bibi alifariki kabla ya kukabidhi. Kwa hiyo gunia lile, pamoja na nauli iliyokuwa kwenye kanga, liliingia katika mirathi, na uamuzi ukawa wa warithi wake: wakitaka watalikabidhi kama marehemu alivyokusudia, na wakitaka wataligawa kwa mafungu yao. Binti hakuwa na haki ya kulibeba siku ile ya msiba, ijapokuwa kila aliyekuwapo alijua ni lake, na amefanya vyema kuliacha pale lilipo na kuuliza.

Warithi ni wana wawili wa marehemu: baba yake binti, na baba mdogo mwenye duka. Nimewapelekea jibu hili wote wawili siku moja. Baba akaridhia palepale. Baba mdogo alikaa kimya siku mbili, kisha akaja mwenyewe Kasulu kwa basi la asubuhi, gunia likiwa juu ya keria, akaliteremsha mbele ya lango la chuo pamoja na ada ya muhula mzima, na hakusema ni lini ataleta ya muhula ujao.